Gari Letu Linachajiwa kwa Mama Ndeshi

Nkoaranga, Arusha

Dada yangu Theopista,

Shikamoo dada. Ninakuandikia nikiwa kibarazani. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, na mlima Meru leo umejifunua wote baada ya siku nyingi za mawingu. Mguu wa mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika? Na kahawa yenu, mmeanza kuchuma au bado ni ya kijani? Huku sisi tu wazima. Neema ameingia sekondari na amenipita urefu. Mdogo wake, Baraka, anakula kuliko baba yake. Mama mkwe wangu anakusalimu sana. Bado ananicheka nikisonga ugali mgumu wa kwetu, ananiambia nile loshoro, makande yao ya maziwa mgando, nilainike kidogo.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Dada, wewe ukipokea simu yangu unaweka spika. Mama anasikia, shemeji anasikia, na jirani akipita anatoa salamu humo humo. Haya ninayotaka kukuambia ni ya masikio yako. Binti wa jirani yetu amepangiwa kufundisha huko Mbinga, nimempa barua aje nayo mkononi. Ukimaliza kuisoma iweke pale unapoweka vitenge vyako, mama hafiki huko.

Dada, nilishikwa na wivu. Nilidhani wivu ni ugonjwa wa wasichana, nikajua si kweli. Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikimeza chakula nausikia, nikimeza mate nausikia. Na ulianza na gari.

Unaikumbuka Prado ya Baba Neema, ile ya dizeli tuliyokuja nayo huko kwenye msiba wa baba, ambayo ikiwashwa asubuhi watoto wako wote walikuwa wanaamka. Ndiyo iliyotulisha miaka yote. Alikuwa anapeleka wageni uwanja wa ndege, anachukua wauguzi, anarudisha wagonjwa makwao. Lakini ilikuwa inakunywa. Fedha aliyoipata mchana aliirudisha sheli jioni. Na dizeli ikipungua bei, nozeli zinakufa. Nozeli zikipona, pampu inalia. Pampu ikitengenezwa, inataka oili na filta. Fundi wake wa Tengeru alijenga nyumba, na mimi husema sebule ile ni yetu.

Siku moja Baba Neema akarudi kutoka mjini macho yamebadilika. Alikuwa amepanda gari la umeme la rafiki yake, dogo, lililotumika Japani. Alikaa hapo hapo jikoni kwenye kigoda akanieleza kwamba halina oili, halina nozeli, halina moshi, na ukishuka mlima linajirudishia chaji lenyewe.

Nikamwambia, "Hilo ni gari la kuchezea watoto. Wewe una mzigo wa watu, unapanda mlima huu kila siku. Usiuze Prado."

Akasema, "Mama Neema, wewe hujui hesabu za barabarani."

Nikamwambia, "Mimi najua hesabu za jikoni, na zinatosha."

Akauza. Alimuuzia dereva mwenzake wa Usa River anayeitwa Samweli, akaongeza na akiba yetu, akaja na gari jeupe dogo linalopita kama paka. Nami sikusema tena, ila sikukaa kimya vizuri. Unanijua. Nikiweka sufuria chini inajulikana nina neno.

Niwe mkweli kwako, upande wa gharama hakudanganya. Fedha ya dizeli ya safari moja ya uwanja wa ndege ilikuwa inanunua umeme wa siku kadhaa. Oili tukaisahau. Ada ya Neema ililipwa bila kumgusa ndama. Hapo nikanyamaza kwa haki.

Tatizo likawa ni pa kulichaji. Nyaya za nyumba hii alizivuta marehemu baba mkwe kwa ajili ya taa tatu na redio. Siku ya kwanza Baba Neema alipochomeka, taa zikawa nyekundu kama makaa, na soketi ikaanza kunuka. Nilipoigusa ilikuwa imelainika kama nta. Jirani tunayetumia naye laini moja akapiga kelele kutoka kwake, "Mmechomeka nini huko? Televisheni yangu imekufa." Fundi umeme akaja akatikisa kichwa, akasema tunahitaji waya mnene na laini yetu wenyewe kutoka kwenye nguzo, na nguzo yenye nafasi iko mbali, tuombe tusubiri.

Ndipo Baba Neema akampata Mama Ndeshi. Ni mjane wa Kichaga, ana mashine ya kusaga nafaka Tengeru, nyuma ya soko. Mashine ya kusaga ina umeme mkubwa. Wakapatana: anachaji pale, anamlipa kwa uniti. Nilifurahi siku hiyo, dada. Mimi mwenyewe nilimtumia mkungu wa ndizi wa shukrani.

Sasa fikiria. Dizeli mtu anatia kwa muda wa kununua maandazi, anaondoka. Umeme si hivyo. Gari dogo lile linakaa limeunganishwa saa nyingi, tena huwezi kuliacha, kwa sababu ule waya wa kuchajia ni ghali na watu wa soko wana mikono. Kwa hiyo mume wangu akawa mtu wa kukaa. Anakwenda anakaa, gari linakula polepole. Na kila alipokaa alikuwa amekaa kwa mwanamke mwingine.

Mwanzo alikuwa anarudi ananisimulia. "Leo Mama Ndeshi amegombana na mteja." "Leo mkanda wa mashine umekatika, nimemsaidia kuufunga." Baadaye akaacha kusimulia. Dada, mwanamume akiacha kusimulia ndipo masikio yanapoota. Nikaona anavaa shati la kola siku za kuchaji. Nikaona amejifunza kusema asante kwa Kichaga, nami Kimatengo changu miaka kumi na sita ameshindwa hata salamu. Halafu akaanza kurudi jioni, namwekea chakula, anakisogeza kidogo kwa vidole na kusema, "Nimeshiba."

Nimeshiba. Nani kakushibisha?

Na jambo jingine lililonitesa: Prado nilikuwa naisikia. Ikibadilisha gia kwenye kona ya chini ya hospitali, mimi huku naweka maji ya ugali jikoni, na yakichemka mwenye nyumba yuko mlangoni. Hili jipya halisemi. Nageuka namkuta mtu amesimama uani, sijui amefika saa ngapi, sijui ametoka wapi. Nikaanza kuhisi lilinunuliwa ili nisijue.

Mwanamke mmoja tunayeimba naye kwaya akanisogelea baada ya ibada. "Mama Neema, mzee siku hizi amepata kazi ya kusaga?" Akacheka kidogo, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikapalilia migomba mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Siku ya soko nikachota mahindi debe moja, nikapanda bodaboda na gunia langu. Njiani tulipita mashine mbili za kusaga, zote hazina foleni. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mama, si hii hapa?" Nikamwambia, "Twende mbele. Hapa unga wao una mchanga."

Mashine ya Mama Ndeshi ilikuwa imezimwa siku ile, umeme wote ulikuwa unakwenda kwenye gari letu, au ndivyo nilivyofikiri. Gari lilikuwa limesimama chini ya bati, waya umepita dirishani. Nilitua gunia nyuma ya ukuta nipumzike, ndipo nikasikia sauti ya mume wangu. Ilikuwa sauti ya chini, ile aliyokuwa nayo wakati tunaoana.

Alikuwa anasimulia. Nikasikia, "Nikaona namba zinashuka, nikazima redio, nikazima kiyoyozi, wageni wakaanza kutoka jasho. Hatujafika hata njia panda ya uwanja wa ndege, likakata. Nikalisukuma pembeni. Wageni wanaangalia saa. Magari yanapita. Na aliyesimama kutuokoa, unajua ni nani? Samweli. Na Prado yangu. Aliwapakia wageni wangu kwenye gari langu, mimi nikabaki nimesimama barabarani."

Sauti ya mwanamke ikauliza, "Ulimwambia mama watoto?"

"Nimwambie nini? Ndiye aliyenikataza."

Dada, kama ningewakuta wameshikana mikono, nadhani ningejua la kufanya. Ningepiga mtu. Lakini nilikuta mume wangu amebeba aibu yake kutoka barabara kuu, akapita njia ya kuja kwangu, akaenda kuitua kwa mtu mwingine. Nikachukua gunia nikatokeza.

Walikuwa wamekaa kwenye viroba, katikati yao ungo wa maharage, wanachambua. Baba Neema aliponiona alisimama na maharage yakamwagika. Mama Ndeshi hakusimama. Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, nywele zimejaa unga. Akaniangalia mimi, akaangalia gunia, akaelewa yote.

"Karibu mama," akasema. "Ya kukoboa au ya kusaga?"

"Ya kusaga. Na mume wangu, nimekuja kumchukua."

"Utasubiri kidogo," akajibu. "Gari bado halijajaa."

Sikujua kama ni dharau au ni ukweli mtupu. Nikakaa. Akawasha mashine, na kelele zake zikatusitiri sote watatu.

Tulirudi jioni ile ndani ya gari lile. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini nilikuwa nimezoea kugombana ndani ya Prado, ambamo unapiga kelele na nusu ya maneno yanamezwa na injini, mkifika nyumbani hakuna anayekumbuka yote. Hili halimezi neno. Nikisema kwa hasira nasikia mwenyewe nilivyosema.

Nikasema taratibu, "Nimeisikia habari ya njia ya uwanja wa ndege."

Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Umesikia yote?"

"Ya kutosha. Kwa nini yeye?"

Karibu na hospitali akasema, "Pale hakuna mtu aliyenikataza kuuza Prado. Nikikaa pale mimi ni dereva anayechaji gari. Nikija nyumbani ni mtu aliyekosea."

"Sijakuambia umekosea."

"Huniambii. Sufuria zako zinaniambia."

Dada, ulikuwa ukweli, nikauchukia zaidi kwa sababu hiyo. Nikamuuliza swali ambalo lilinipeleka kule, "Na yeye unamsubiri?"

"Mimi nilikuwa nasubiri gari lijae."

"Leo gari limejaa saa tisa. Wewe ulikuwa unafika nyumbani saa kumi na mbili."

Akaingiza gari uani, akashuka kunitolea gunia la unga.

Asubuhi nilimwambia, kuanzia sasa yeye alipeleke gari, kisha aende sokoni au shambani kufanya kazi zake, nami nitakaa na waya. Akakubali upesi mno, hilo nalo likaniuma.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa kwa Mama Ndeshi, dada. Wiki baada ya wiki, nikiwa na ushonaji wangu mapajani, sijibu zaidi ya ninachoulizwa. Alinipa chai, sikuinywa. Alinipa kigoda chenye mto, nikakaa kwenye kiroba. Nilikuwa namchunguza: viatu vyake, kucha zake, anavyocheka na wateja. Nilitafuta kitu cha kumchukia. Nilimpata mwanamke anayeamka mapema, anayempimia mjane mwenzake unga wa ziada bila kusema, anayezungumza na picha ya marehemu mumewe iliyo juu ya mashine akidhani hakuna anayesikia. Nikamchukia hivyo hivyo.

Siku moja hakukuwa na wateja. Alikuwa anashona mdomo wa kiroba, na bila kuniangalia akasema, "Mama Neema, nitakuambia jambo, ukitaka utanichukia."

Nikasema, "Sema."

"Mume wangu alipofariki, watu walirudi kwenye shughuli zao. Wanaleta mahindi, wanachukua unga, wanakwenda. Mumeo alilazimika kukaa. Gari lake halikumruhusu kuondoka. Nikazoea kuwa na mtu aliyekaa. Siku asipokuja naiona siku ndefu. Hakunigusa, nami sikumgusa, wala hakuwahi kuniambia neno la kunitaka. Lakini nikikuambia sikumsubiri nitakuwa mwongo."

Kulikuwa na pishi la bati la kupimia unga karibu na mkono wangu. Nakuapia nililitazama. Kwa miezi nilikuwa nataka mtu aniambie nina haki ya kuona wivu, na aliyeniambia alikuwa yeye. Nikauliza, "Na yeye? Alikuwa anakusubiri?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi nimejibu la kwangu."

Tukakaa. Alipomimina chai, siku ile niliinywa. Usifikiri tulikuwa marafiki. Nilikuwa nimechoka kuwa na kiu.

Basi laini yetu ilipatikana baada ya masika. Nilichukua fedha yangu ya maziwa niliyokuwa nimeweka kwenye kikundi, nikanunua waya mnene na soketi ya nguvu, na mafundi wakaja wakavuta. Baba Neema aliniangalia nikihesabu noti, akasema, "Mama Neema, hii si ilikuwa ya mabati ya jiko?" Nikamjibu, "Jiko litavuja mwaka mmoja zaidi." Mama mkwe alikuwa anasikia. Akasema kwa Kimeru maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila mwanawe aliinamisha kichwa.

Siku ya mwisho kwa Mama Ndeshi nilichomoa waya mimi mwenyewe, nikaukunja. Baba Neema alimlipa uniti zake, akasema asante kwa Kichaga, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Nendeni salama." Halafu akaingia ndani akawasha mashine, wakati sikuona mteja hata mmoja.

Siku hizi gari linachajiwa hapa uani, taa hazififii, na gharama ndizo zile zile ndogo. Watu wananiuliza kama ninaridhika na gari, nawaambia ndiyo. Ni kweli. Bado mlima unakula chaji, na safari ya uwanja wa ndege sasa anahakikisha limejaa kabla ya kumpokea mtu.

Lakini wivu, dada, hautoki kwa sababu waya umehama. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, alichomeka gari, akavuta kigoda akakaa kando yake. Amezoea kukaa, hata kama hapa hakuna wa kuiba. Nikachukua kigoda changu nikakaa upande wa pili wa mlango wa gari.

Nikamwambia, "Nisimulie ya njia ya uwanja wa ndege."

"Si uliisikia?"

"Niliisikia akisimuliwa mwingine. Mimi hujanisimulia."

Alijaribu kucheka, akaona mimi sicheki. Akaanza. Dada, alisimulia vibaya. Aliruka vipande, alirudi nyuma, alisahau habari ya redio na kiyoyozi, alimfanya Samweli aje haraka ili yaishe. Kule kwenye mashine alikuwa ameisimulia vizuri zaidi, na nilikaa nikiuma midomo kwa sababu hiyo. Nikajiambia, nimeletewa makombo.

Kisha alifika pale wageni walipoondoka na Prado, akabaki peke yake pembeni ya barabara. Akainama akaupanga waya wa kuchajia. Nilidhani amemaliza.

Akasema, "Nilitoa simu nikabonyeza namba yako. Nikaikata kabla haijaita."

"Kwa nini ulikata?"

"Nilijua ungekuja. Ungeacha kila kitu, ungekodi pikipiki ukaja ukasimama na mimi pale. Sikutaka unione nimesimama hivyo."

Hicho kipande hakikuwamo kwenye masimulizi ya mashineni. Nilisimama nyuma ya ukuta ule nikasikia kila neno, na hicho hakikuwamo. Mama Ndeshi hana. Nimekigeuza geuza moyoni wiki nzima kama mtu aliyepata fedha mpya, na sioni haya kukuambia kwamba nafurahi zaidi kwa sababu yeye hana.

Nisalimie mama, umwambie mjukuu wake Neema atakuja likizo kumkanda mguu. Msalimie shemeji, na baba mdogo wa bondeni, umwambie kwamba kahawa yetu huku ni nzuri lakini haijafikia ya mashimo yake ya ngoro. Shangazi mpe pole ya msiba. Watoto wote wabusu kwa niaba yangu, hasa kitinda mimba ambaye sijamwona. Na wewe dada yangu, uliyenifundisha kubeba ndoo bila kumwaga, ukinijibu usinihubirie. Niandikie tu kama na wewe umewahi kuona wivu.

Mungu awalinde katika kila mlango wa nyumba yenu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Gaudensia, Mama Neema